Wanamwita Yupo

Mimi ni wifi yake, na mawifi tunajulikana. Mtu akisikia wifi anasimulia habari za mke wa kaka yake, husogeza kiti karibu akitegemea umbea. Leo usijisumbue kusogea, umbea sina. Nina majivuno tu, tena ninayo tele, na sioni sababu ya kuyafunika.

Mke wa kaka yangu ana jina lake zuri alilopewa na wazazi wake, ila mtaani kwetu halitumiki. Wanamwita Yupo. Nyumba yetu iko kwenye kichochoro ambacho kila mtu lazima akipite akienda kazini. Mwenye kusubiri mzigo aliuliza nani anabaki nyumbani mchana, akaambiwa mke wa dereva yupo. Mwenye kuacha ufunguo, yupo. Mwenye mtoto atakayetoka shule mapema, ampeleke pale pale, yupo. Mwishowe wakaona maneno mengi ni kujichosha, wakabakiza moja. Mtu anakuja anagonga dirisha na kuita, "Yupo! Yupo, mwanangu!" naye anaitika.

Mimi ni fundi cherehani. Chumba cha mbele, chenye mlango wa barabarani, ndicho changu. Nyuma yangu kuna ukumbi mwembamba, halafu chumba cha Mama, cha kaka na mkewe, na stoo. Mimi na wifi tunafanyia kazi nyumba moja, chini ya bati moja, lakini hakuna aliyewahi kuniambia mimi kwamba sina kazi. Cherehani inapiga kelele, magauni yananing'inia mlangoni, vipande vya kitambaa vinamfuata mteja mpaka nje vikiwa vimemganda kwenye soksi. Wifi yangu anaandika. Anawaandikia watu wa mbali ambao hajawahi kuwaona, wanamtumia kazi kwa mtandao na yeye anawarudishia kwa njia hiyohiyo. Akimaliza, hakuna cha kutundika mlangoni.

Ujuzi wake aliutoa kwenye duka la kuchapa na kutoa fotokopi. Alikuwa anachapa barua za kuomba kazi, malalamiko ya wapangaji, hotuba za wenyeviti wasiojua wanachotaka kusema. Vidole vikazoea hata akawa anachapa huku anamtazama mteja usoni na kumjibu habari za nyumbani. Mwenye duka alipofunga na kuhama, wenzake walikwenda kutafuta duka jingine. Yeye alirudi na kompyuta chakavu aliyopewa iwe kiinua mgongo, akaniuliza kama nina meza ya ziada.

Meza sikuwa nayo. Nilikuwa na cherehani ya miguu iliyokwisha kufa, imejaa vumbi stoo. Tukaing'oa kichwa, tukapigilia ubao juu, na hiyo ndiyo meza yake mpaka leo. Pedeli bado inacheza, ingawa haizungushi kitu. Akitafuta neno, miguu yake inakanyaga bila yeye kujua, kwi, kwi, kwi, na mimi huku mbele nikisikia pedeli inalia mfululizo najua kuna neno limegoma. Kitufe cha K kilipochomoka kwenye kompyuta, maana kwa lugha yetu K haipumziki, nilimbandikia kifungo cha shati la shule. Bado kipo, cheupe, chenye matundu manne. Stoo ina dirisha moja linalotazama kichochoro, na mlango wake ni pazia nililolishona kwa masalio ya nguo za wateja.

Ameandika maelezo ya magodoro, viatu, rangi za nywele, dawa za mende. Ameisifia hoteli yenye bwawa la kuogelea mpaka nikatamani kupakia begi, na yeye mwenyewe maji yakimfika magotini anapiga kelele. Mara moja aliandika makala ndefu ya kulea mtoto mchanga, makala tamu, na mteja akaitoa hewani kwa jina lake yeye mteja, na picha yake juu, ametabasamu. Nilipandwa na hasira, nikaangusha mkasi.

"Huyu mwizi! Umekubali vipi?"

"Wifi, ndivyo tulivyokubaliana. Alinunua aitumie atakavyo."

"Na jina lako?"

Akacheka. "Lile gauni la bi harusi wa Jumamosi ulilikeshea, sivyo? Ukumbini walimsifu nani?"

"Walimsifu yeye."

"Jina lako lilikuwa limeandikwa wapi?"

Nikaokota mkasi wangu. Mtu akikufunga kwa kamba yako mwenyewe unafanyaje?

Sasa nieleze tabia yake moja, kwa sababu bila hiyo huwezi kuelewa yaliyotokea. Wifi hakatizi mkono. Mtu akija dirishani na maagizo yake wakati yeye yuko katikati ya sentensi, haachi kuchapa. Anachapa yale yale anayoambiwa, neno kwa neno, hapo hapo alipofikia, kati ya godoro na mto wake. Mtu akiondoka, anayakata maagizo na kuyahamishia kwenye ukurasa wake wa shughuli za mtaa, kisha anaendelea na godoro. Hivyo hasahau ujumbe wa mtu na hapotezi wazo lake. Nilimwambia siku moja utasahau kukata, na mwenye viatu ataletewa habari za mtoto mwenye surua. Akasema hajawahi kusahau, na ni kweli alikuwa hajawahi.

Mama yetu alifua mashuka hospitalini mpaka alipostaafu. Alitoka alfajiri, akarudi jioni amevimba miguu, na sisi tuliokuwa tukimsubiri tunajua kazi ni kitu gani. Si mkwe mbaya, nisimsingizie. Anampenda wifi kiasi kwamba samaki akipikwa, kipande kizuri anamsukumia yeye na mimi aliyenizaa naachiwa mkia. Lakini alimhurumia, na huruma yake ilikuwa inachoma kuliko matusi. "Mtoto wa watu anaozea stoo," alikuwa anasema. "Kasoma, ana adabu, ana sura ya kukaa mbele za watu. Siku nzima kwenye giza anabonyeza bonyeza." Akiona amekaa, anamwita amchambulie mchele, si kwa kumwonea. Alidhani anamwondolea upweke.

Ndipo akaingia baba mdogo, ndugu wa marehemu baba yetu. Baba mdogo alikuwa karani wa ghala na mpaka leo anatembea na kalamu tatu mfukoni mwa shati, ingawa kitu pekee anachoandika sasa ni majina ya waliohudhuria vikao vya ukoo. Mama alimlilia hali ya mkwewe, naye hana mambo madogo. Akavaa koti, akazunguka ofisi za watu anaofahamiana nao, na akarudi na kazi. Mapokezi, kwenye kampuni ya kuuza rangi za nyumba.

"Kiti chake kinazunguka," alisema, amekaa barazani kwetu kama mtu aliyeleta mvua. "Kuna feni. Kuna simu mbili. Mwanangu, utaingia asubuhi na kutoka jioni kama mtu. Bosi wao anataka jibu Jumatano, na mimi nimeshampa neno langu."

"Ahsante sana, baba," wifi alisema. Mama alikuwa anafuta machozi ya furaha kwa ncha ya kanga. Kaka yangu alikuwa safarini na lori lake, na alipopigiwa simu alisema mkewe aamue mwenyewe, jibu la mume mzuri ambalo halikumsaidia mtu yeyote.

Jioni hiyo nilimkuta stoo, pedeli inalia.

"Unataka kwenda?" nikamuuliza.

"Sitaki."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Nitasemaje, wifi? Niseme sitaki feni, nataka stoo? Kazi zangu zinakuja leo, kesho hakuna. Wiki hii viatu, wiki ijayo kimya. Nikimkatalia baba mdogo nimshike mkono nimwoneshe nini?" Akaniangalia. "Lakini nikikaa kwenye kile kiti, sitaandika tena. Najijua. Nitarudi nimechoka, nitasema kesho, na kesho yake tena. Wifi, mimi hii ndiyo kazi yangu. Ninaipenda mpaka naona aibu."

Mimi si mtu wa machozi, lakini hapo nilijifanya natafuta sindano sakafuni.

Halafu akaniambia jambo. Kulikuwa na kiwanda cha majiko ya gesi kilichotaka kijitabu cha maelekezo, kile kinachowekwa ndani ya boksi, pamoja na maandishi mengine ya bidhaa zao zote, na kilitaka mwandishi mmoja wa kudumu. Si wa leo na kesho, wa kudumu, mwenye mkataba, anayefanyia kazi nyumbani kwake. Mhariri wao alikuwa amechoka kuletewa kurasa zilizoandikwa na mashine, ambazo watu walizipachika majina yao bila hata kuzisoma. Kwa hiyo jaribio lake lilikuwa la waziwazi. Mwandishi anapewa ukurasa ambao watu wawili wanauona kwa pamoja, kila mmoja kwenye kompyuta yake. Ukichapa herufi huku, mwenzako anaiona kule inapozaliwa. Anakutazama unavyoandika, unavyofuta, unavyokwama.

"Lini?" nikauliza.

"Jumatano asubuhi."

Jumatano baba mdogo alifika kabla hatujamaliza kunywa chai. Shikamoo, marahaba, akapewa kiti barazani na kikombe, akasema anasubiri jibu akalipeleke kwa miguu yake mwenyewe. Mama akampungia mkono wifi kumwambia ajiandae. Wifi akasema, "Baba, nipe mpaka mchana, kuna kazi ya mtu namalizia." Baba mdogo akatabasamu kwa upole uliotaka kunipandisha presha. "Malizia, mwanangu," alisema. "Malizia hicho kidude."

Nilijipa kazi ya ulinzi. Nilisogeza cherehani yangu mpaka mlango wa ukumbi, nikavaa futi kamba shingoni, na kila aliyekuja kumwulizia Yupo nilimgeuza kabla hajavuka kizingiti. Mwenye ufunguo nilimpokea ufunguo. Mwenye mzigo nilimwambia auweke chini ya magauni. Ningeimaliza asubuhi ile salama kabisa kama asingekuja mteja wangu mmoja, mama mnene mwenye haraka zake, aliyejaribu gauni akaingia na kushindwa kutoka. Zipu iligoma mgongoni. Mimi niko nyuma yake, meno yameshika uzi, goti liko kwenye kiti, naye ananiambia nikichana atanishtaki. Hapo ndipo Mama Mapacha alipopita kichochoroni.

Mama Mapacha ni jirani wa nyumba ya tatu, anafanya kazi kwenye kiwanda cha mikate. Hapiti mlangoni, yeye ni mtu wa dirisha. Nilimsikia na nisingeweza kufanya lolote.

"Yupo! Mwanangu, upo?"

"Nipo, mama," wifi alijibu. Vidole vikiwa vinakwenda.

"Sikiliza, nimechelewa. Leo wanaleta gesi yangu. Yule mleta gesi leo mwambie simwachii. Akishafunga mpira asikae kunusa nusa kama paka jikoni. Achukue povu la sabuni, alipake pale mpira unapoungana na mtungi. Povu likitulia, aende zake salama. Likianza kuchemka kama linapikwa, afunge, abebe mtungi wake arudi nao alikoutoa. Na asithubutu kuniwashia kiberiti kutazama kama inavuja, kama alivyotaka kufanya juzi! Mapacha ninao wawili tu, sina wa akiba. Umesikia, mwanangu?"

"Nimesikia, mama."

"Mungu akupe wepesi." Akaondoka, kandambili zikipiga kichochoro kizima.

Zipu ikaachia, mama mnene akashusha pumzi, na wakati huohuo nikasikia sauti kutoka stoo. Haikuwa kelele. Ilikuwa kama ya mtu aliyejikata na kisu. "Wifi!"

Nikaenda mbio. Kwenye ukurasa, juu, kulikuwa na yale aliyoyaandika tangu asubuhi. Nitayasema kama yalivyokuwa, naye anajua: "Mtumiaji anashauriwa kuhakikisha kwamba kiunganishi cha mtungi kimekaguliwa ipasavyo kabla ya matumizi ya awali." Sentensi zilizovaa suti na tai, zinatoka jasho. Alikuwa ameogopa, na mtu mwenye woga huandika kama barua ya mahakama. Chini yake, bila hata nafasi katikati, alikuwa amesimama Mama Mapacha na paka wake na kiberiti chake na watoto wake wasio na akiba. Mkono wa wifi ulikuwa umefanya yale uliyoyazoea. Tena palepale, mwisho wa maneno hayo, kamstari kekundu kalikuwa kanapepesa. Kalikuwa ka mhariri. Alikuwa anasoma.

Wifi alinyoosha kidole ili afute. Kabla hajagusa, herufi zikaanza kuota zenyewe kwenye ukurasa: *Usifute.*

Tukatazamana. Zikaota nyingine: *Huyu anayesema ni nani?*

Wifi akachapa: *Jirani yangu. Samahani sana, nilikuwa napokea ujumbe wake, nimechanganya. Ni kosa langu.*

Kamstari kakapotea. Nikasema moyoni, imekwisha, kiti kinachozunguka hicho kinakuja. Wifi alikuwa amekaa, mikono mapajani, na pedeli haikulia hata kidogo. Kisha simu yake ikaita.

Aliiweka kwenye spika. Sauti ya mwanamke, nzito, na ilikuwa inacheka kiasi kwamba ilichukua muda kuelewa anasema nini.

"Dada, hebu niambie, mleta gesi kashakuja?"

"Bado," wifi alisema.

"Akija mwambie na mimi simwachii." Akajikohoza, akatulia. "Nimetazama watu wengi wakiandika wiki hii. Wote wananiambia mtumiaji anashauriwa. Na wewe uliniambia hivyo hivyo, nikawa karibu kuufunga ukurasa wako. Halafu ghafla nikasikia mtu anaongea jikoni kwangu. Unaweza kuandika kijitabu kizima mtu akisome namna hiyo?"

Miguu ya wifi ikaanza, kwi, kwi, kwi. Mimi nilikuwa namfinya bega, nataka aseme ndiyo, ndiyo, mara mia. Lakini yeye si mtu wa kurukia jambo.

"Naweza," alisema mwishoni. "Ila Mama Mapacha sitamnakili kama kasuku. Yeye anamsema mleta gesi. Mimi nitazungumza na mtu aliyenunua jiko leo na anaogopa kuliwasha. Na kuna mambo ya usalama ambayo lazima yakae sawasawa, sitayafanyia mzaha. Nipe mpaka mchana, dada. Endelea kutazama ukitaka."

"Nitatazama," mhariri alisema.

Nilikwenda mbele nikachukua gauni la harusi lililoshonwa nusu, lenye mashada na pindo la kuburuta, nikalitundika kwenye dirisha la stoo. Nikasimama kichochoroni mwenyewe, mikono kiunoni. Siku hiyo hakupita mtu bila kunyamaza.

Nilipochungulia kwenye pazia alikuwa amefuta suti na tai zote. Alikuwa anaandika upya tangu boksi linapofunguliwa, na midomo yake inachezacheza, anajisomea. Pedeli ililia mara chache tu. Nilimsikia akicheka peke yake, kisha akafuta kilichomchekesha, kisha akakirudisha. Wapo watakaosema ni bahati, jirani kapita, kosa likageuka neema. Bahati gani? Mama Mapacha amepita kwenye madirisha ya mtaa mzima, kwa nini asimfanye kila mtu mwandishi? Miaka wifi yangu amekaa kwenye dirisha lile akipokea maneno ya watu, jinsi wanavyoomba, wanavyoonya, wanavyotania wakiwa na wasiwasi. Alikuwa anayahamishia kwenye ukurasa mwingine kila siku, akidhani si kazi. Asubuhi ile aliacha kuyahamisha, basi.

Mchana simu iliita tena. Sikusikia walichosema kwa sababu mama mnene alikuwa amerudi kuulizia mkanda. Nilimwona wifi akitoka. Alipita mbele yangu bila kunitazama, akaenda barazani, akapiga magoti kidogo mbele ya baba mdogo kwa heshima kama anavyofanya siku zote.

"Baba," alisema, "umehangaika kwa ajili yangu, na sitasahau. Lakini kile kiti mpe mtu mwingine mwenye shida. Mimi kazi ninayo."

Baba mdogo alishusha kikombe. "Kazi gani, mwanangu?"

"Ya kuandika. Nimepata mwajiri wa kudumu leo. Kiwanda cha majiko."

"Ofisi iko wapi?"

"Humu."

Baba mdogo aliangalia ukumbi, akaangalia pazia langu la viraka, na kupitia upenyo wake akaangalia gauni la harusi lililoziba dirisha. Kalamu zake tatu zilipanda na kushuka kifuani. "Haya," alisema. "Mimi nimemaliza yangu." Akachukua kofia. Mama alimsindikiza mpaka kona, na aliporudi hakusema neno. Alikaa kuchambua mchele peke yake, na hakumwita wifi. Kwa Mama kukaa kimya si kukubali, wala si kukataa. Ni kungoja aone kwa macho.

Jioni hiyo wifi alimweleza Mama Mapacha kwamba maneno yake yamempa njia, akamwomba ruhusa ya lile povu. Mama Mapacha alicheka, akasema chukua povu, chukua na paka, akaenda zake bila kuamini hata chembe.

Ikapita miezi. Wifi akawa anaamka, anaoga, anavaa vizuri na kusema "Naenda kazini," halafu anatembea hatua zake chache za ukumbini na kuingia kwenye pazia. Mimi nilikuwa namjibu, "Usichelewe kurudi." Mama alikuwa anatutazama kama wendawazimu wawili.

Kisha Mama Mapacha akanunua jiko jipya. Alilileta kwetu likiwa ndani ya boksi, maana kwake alikuwa anapaka rangi, na alitaka tulifungue pamoja. Kijitabu kikaanguka sakafuni. Mama akakiokota, akavaa miwani, kwa sababu Mama hawezi kuona karatasi bila kuisoma, na akaanza kusoma kwa sauti.

"'Karibu. Kabla hujaliwasha, tulia kwanza, jiko halikimbii.'" Mama akatabasamu, akageuza ukurasa. "'Usinuse ukadhani umekagua. Chukua povu la sabuni, paka pale mpira unapoungana na mtungi. Povu likitulia, pika kwa amani. Likianza kuchemka, funga mtungi, fungua madirisha, mwite fundi. Kiberiti kiache mbali. Walio ndani ya nyumba yako hawana wa akiba.'"

Mama Mapacha alikuwa amekaa, akasimama. "Hayo maneno!" alisema. "Hayo maneno ni... Yupo! Kumbe ulikuwa unasema kweli?"

Mama hakunyanyua kichwa. Alirudia kusoma ukurasa ule kimoyomoyo, midomo inatembea. Kisha akakigeuza kijitabu, akatazama jalada la mbele, la nyuma, akautazama hata mgongo wake.

"Jina lake liko wapi?" akaniuliza.

Na mimi jibu nilikuwa nalo, nilikuwa nimelihifadhi tangu siku ile ya mkasi. "Mama, yale mashuka uliyofua hospitalini, yaliandikwa jina lako?"

Mama alivua miwani, akaifuta.

"Hayakuandikwa," alisema. "Lakini wagonjwa walilala pakavu."

Kijitabu hakukirudisha kwenye boksi. Mama Mapacha alipokidai, Mama alimwambia jiko lake tayari analijua, cha kusoma ni cha nini, akakitia kifuani mwa kanga. Mpaka leo kimo ndani ya Biblia yake, na wageni husomewa wapende wasipende.

Juzi alikuja baba mdogo. Alikuwa na gunia la mkaa la mtu, aliloombwa aliache kwetu mpaka jioni. Alisimama kichochoroni, akagonga dirisha kwa kalamu, akaita kama wanavyoita wote, "Yupo! Mwanangu, upo?"

Wifi akavuta pumzi ili aitike. Mama aliwahi. Alitoka barazani kwa kasi ambayo sijaiona tangu astaafu, akazunguka nyumba na kusimama kati ya shemeji yake na lile dirisha.

"Hayupo," alisema.

Baba mdogo akamtazama, akalitazama dirisha. Kisogo cha wifi kilikuwa kinaonekana wazi kabisa. "Shemeji, si huyu hapa?"

"Yuko kazini," Mama alisema. "Ukimtaka, njoo akitoka jioni. Gunia liweke pale kwa fundi."

Baba mdogo akabeba gunia lake akaja mbele kwangu. Mimi nilikuwa nashona, cherehani inanguruma kama kawaida yake. Nikatoa mguu kwenye pedeli. Nyumba nzima ikanyamaza, na kutoka nyuma ya pazia vikasikika vile vidole vyake vikienda, bila kukatiza. Sikurudisha mguu mpaka nilipohakikisha kwamba baba mdogo amevisikia.